Moyo Usio na Mizani Mbele ya Fomu ya Bima

Ikiwa umepata kuambiwa na tabibu kwamba mapigo ya moyo wako hayaendi kwa mizani, au wewe mwenyewe, ukiwa umelala chali usiku ambapo kijiji chetu kizima cha Njinjo kimetulia, umehisi kifuani mwako kitu kikiruka pigo moja na kulipiga la pili kwa kishindo, na kisha ikawa una haja ya kukata bima, ama ya maisha, ama ya matibabu, ama ile inayofungamana na mkopo wa benki, basi nasaha yangu ya kwanza kwako ni kwamba usiiendee fomu kabla hujalijua jina la maradhi yako. Wengi huanza na fomu, na kwa sababu hiyo huiharibu kazi yao tangu mstari wa kwanza.

Makosa mawili ndiyo yanayowaponza waombaji wa namna hii. La kwanza ni kuficha, na kila mtu hulijua kuwa ni kosa hata anapolitenda. La pili halisemwi sana, nalo ni kusema kweli iliyokorogeka: mtu huandika kwamba ana "matatizo ya moyo", au "presha ya moyo", akadhani ametimiza uaminifu wake, kumbe amempa mtathmini wa bima, aliyeketi Dar es Salaam na asiyemjua kwa sura wala kwa tabia, ruhusa ya kukisia lililo baya kuliko yote na kumtoza kwa kadiri ya hilo alilolikisia.

La kwanza nitalieleza kwa kisa kilichonifika nyumbani. Shemeji yangu, mume wa dada yangu, alikuwa mkulima wa ufuta, mtu wa kazi na wa swala, na kwa miaka kadhaa alikuwa akilalamika kwamba moyo unampapatika; alikwenda hospitali mara mbili tatu, akapewa vidonge, na maneno ya daktari yakaandikwa katika kitabu chake cha kliniki. Msimu mmoja, baada ya ufuta kuuzwa mnadani na fedha kuingia, alikuja wakala wa kampuni ambayo sitaitaja, amepanda pikipiki, wakaketi chini ya mwembe. Nami nilikuwapo, nimekaa mkekani nikibangua korosho. Wakala aliijaza fomu kwa mkono wake mwenyewe, kwa kuwa iliandikwa kwa Kiingereza na shemeji hakukijua. Na alipolifikia fungu la maswali ya afya hakuuliza hata swali moja, bali aliishusha kalamu upande wa "hapana" kutoka juu hadi chini, tiki juu ya tiki, kama mwalimu anayesahihisha daftari la mtoto aliyepata yote. "Hapa ni kawaida tu, mzee," akasema, akaigeuza karatasi na kuonyesha mahali pa sahihi. Shemeji akatia sahihi. Haikutimia miaka miwili akapatwa na kiharusi, akafariki dunia. Kampuni ikaomba kumbukumbu za hospitali, ikayakuta maandishi ya daktari yenye tarehe ya nyuma kuliko fomu, na dada yangu akaletewa barua isemayo kwamba mkataba ni batili kwa sababu mwombaji hakudhihirisha maradhi aliyoyajua. Aliniletea barua ile nimsomee. Niliisoma nikiikumbuka kalamu ilivyoshuka, na nikikumbuka kwamba nilikuwapo na sikufungua kinywa.

Kanuni iliyoiwezesha kampuni ile kuandika barua hiyo ni ya zamani kuliko reli yetu ya kati. Mwaka 1766, mjini London, Jaji Mansfield alihukumu kesi ya Carter dhidi ya Boehm, iliyohusu ngome moja katika kisiwa cha Sumatra: gavana wake aliikatia bima asije adui akaiteka, Wafaransa wakaiteka, na aliyeiwekea dhamana akakataa kulipa kwa hoja kwamba gavana aliuficha udhaifu wa ngome yenyewe. Jaji alieleza kwamba mkataba wa bima husimama juu ya nia njema, kwa kuwa habari zinazoipima hatari aghalabu zimo kifuani mwa mmoja tu wa wafanyao mkataba, na mwenzake hana ila kumwamini. Kanuni hiyo iliingia Tanganyika pamoja na sheria za Kiingereza zilizopokewa kwa kufuata tarehe 22 Julai 1920, na hata leo, chini ya Sheria ya Bima ya mwaka 2009, ndiyo roho ya kila fomu utakayoiona. Lakini wanaopenda kuitaja kesi hiyo husahau ilivyokwisha: gavana alishinda. Jaji aliona kwamba mwenye kuweka dhamana aliyajua, au aliweza kuyajua kwa kuuliza, yale anayolalamikia, na nia njema humfunga yeye vilevile. Insafu hii ina pande mbili, nami nakusihi ulikumbuke hilo utakapofika mwisho wa mwongozo huu.

Kwa hiyo usikubali fomu ijazwe bila kusomewa maswali yote kwa Kiswahili, moja baada ya moja. Kama hukijui Kiingereza, mwombe mwalimu wa sekondari au mtu mwingine unayemwamini aketi nawe, asome kile wakala alichokiandika, si kile wakala anachosema amekiandika. Usitie sahihi wala dole gumba kwenye karatasi yenye nafasi zilizoachwa wazi. Piga picha kila ukurasa kwa simu kabla fomu haijaondoka mikononi mwako, kwa kuwa jambo ulilomwambia wakala kwa mdomo, lisipoandikwa, ujihesabie kwamba hukulisema; siku ya madai karatasi ndiyo itakayosimama shahidi, na wakala huenda amekwisha hamia kazi nyingine. Tena mwulize leseni yake, kwani wakala wa bima hana ruhusa ya kufanya kazi hii pasipo kusajiliwa na Mamlaka ya Usimamizi wa Bima, ijulikanayo kwa jina la TIRA, na aliye wa haki hatakasirika kuulizwa.

Sasa tuuendee moyo wenyewe. Moyo wa mtu mzima aliyetulia hupiga mara 60 hadi 100 kwa dakika, na kila pigo huanzishwa na cheche ndogo ya umeme inayozaliwa sehemu ya juu ya moyo, upande wa kulia, ikavipitia kwanza vyumba viwili vya juu, kisha ikashuka kwenye vyumba viwili vya chini ambavyo ndivyo visukumavyo damu mwilini. Mtu anaposema kwamba moyo wake "unaruka" huenda anasema mambo manne yasiyofanana hata kidogo, na katika hilo la kutofanana ndimo ilimo bei ya bima yake. Ibn Sina, aliyefariki mwaka 1037, aliyachambua mapigo ya mshipa kwa urefu katika kitabu chake cha Kanuni ya Tiba, akapambanua kati ya mapigo yasiyo sawa lakini yenye utaratibu katika kutosawa kwake, na yale yasiyo sawa wala hayana utaratibu wowote. Na mpaka leo, pamoja na mashine zote, huo ndio mlango wa kwanza tabibu anaoingilia.

Unaweza kuujaribu mwenyewe. Keti, pumzika kama robo saa, kisha weka vidole viwili, cha shahada na cha kati, penye kifundo cha mkono wa pili, chini ya kidole gumba, na uhesabu dakika nzima kwa saa. Usihesabu robo dakika ukazidisha kwa nne, kwa maana moyo usio sawa hauzidishiki. Ukisikia mapigo yanakwenda vizuri, kisha moja likawahi, likafuatwa na kimya kidogo, kisha safari ikaendelea kama kwanza, hayo kwa kawaida ni mapigo ya ziada, ambayo watu wengi wazima wa afya huyapata, zaidi wanapokosa usingizi, wanapokuwa na hofu, au wanapokunywa kahawa kali na vileo. Ukisikia mapigo yasiyo na mpango kabisa, moja la nguvu, mawili ya haraka, kimya, moja dhaifu, tena matatu, kama maembe yanayoangukia paa la bati usiku wa upepo, huenda vyumba vya juu vya moyo vimeacha kupiga na vinatetemeka tu, hali ambayo madaktari huiita fibrilesheni ya atria. Hiyo ndiyo yenye uzito. Damu isiyosukumwa sawasawa hutuama, ikituama hufanya donge, na donge likisafiri hadi kwenye ubongo huleta kiharusi. Utafiti wa Framingham huko Marekani, uliochapishwa mwaka 1991, ulionyesha kwamba wenye hali hiyo hupatwa na kiharusi kwa kadiri ya mara 5 kuliko wasio nayo. Yako pia mapigo yanayokurupuka ghafla, yakaenda mbio hata 180 kwa dakika, yakakatika ghafla kama taa iliyozimwa. Na uko moyo unaopiga polepole mno, mara 40 au chini, ambao kwa kijana mwanariadha ni dalili ya nguvu na kwa mzee anayezimia kisimani huwa ni dalili ya kuhitaji betri ya moyo.

Vidole vyako, hata hivyo, havitoshi kuwa ushahidi. Mtathmini hutaka karatasi ya kipimo cha umeme wa moyo, kile kiitwacho ECG, kilichobuniwa na Mholanzi Willem Einthoven na kumpatia Tuzo ya Nobel mwaka 1924; na aghalabu hutaka pia picha ya moyo kwa mawimbi ya sauti, iitwayo eko, inayoonyesha kama milango ya moyo ni mizima. Kwa sisi watu wa bara ya Kilwa safari huanzia kituo cha tiba kilicho karibu, ambako muuguzi atakupima presha na kukuandikia rufaa; kisha hutoka kwa barabara ya Liwale hadi Nangurukuru, na kutoka hapo hadi Hospitali ya Wilaya ya Kinyonga, Kilwa Kivinje; na ikilazimu zaidi, Hospitali ya Rufaa ya Mkoa ya Sokoine mjini Lindi, au Hospitali ya Rufaa ya Kanda ya Kusini iliyoko Mtwara, au mwisho wa yote Taasisi ya Moyo Jakaya Kikwete pale Muhimbili, iliyoanzishwa mwaka 2015, ambayo pamoja na kuwatia watu betri za moyo hutuma madaktari wake mikoani kwa huduma ya tiba mkoba. Ukisikia kwamba wanakuja Lindi au Mtwara, usiipuuze habari hiyo. Nauli ya kwenda Lindi si nauli ya kwenda Dar es Salaam, na kulala kwa ndugu si sawa na kulala gesti. Panga safari kabla ya masika, kwa kuwa bonde la Matandu likijaa maji barabara haina ahadi.

Ukifika kwa daktari usiondoke na dawa peke yake. Mwombe akuandikie mambo manne: jina la hali yako, chanzo chake kama kimejulikana, matokeo ya vipimo pamoja na tarehe, na tiba uliyoanzishiwa. Chanzo kina maana kubwa kuliko watu wanavyodhani. Moyo uliovurugika kwa sababu ya tezi ya shingo inayofanya kazi kupita kiasi huweza kurejea katika mizani yake tezi ikitibiwa. Lakini moyo uliovurugika kwa sababu mlango wake ulikwisha haribika tangu utotoni, kwa maambukizi ya koo yasiyotibiwa yaliyozaa homa ya baridi yabisi, ni habari nyingine kabisa, na katika nchi zetu habari hii huwapata vijana na kina mama wa umri wa kuzaa. Watu wawili waliopewa jina moja la maradhi, mmoja wa sababu hii na mmoja wa ile, hawatapata jawabu moja kutoka kwa kampuni ya bima, wala hawastahili kupata jawabu moja.

Mtathmini naye, akiisha kuzipata karatasi zako, hupima hivi. Mapigo ya ziada katika moyo ambao eko imeuonyesha kuwa mzima, kwa mtu asiyezimia wala asiye na presha, mara nyingi hukubaliwa kwa ada ya kawaida, kana kwamba hayapo. Moyo unaokurupuka mbio hukubaliwa kwa nyongeza ndogo, na kama ulitibiwa kwa kuunguzwa njia potofu ya umeme iliyomo moyoni na miezi ikapita bila kurudi, nyongeza hupungua au huondoka. Fibrilesheni ya atria kwa mtu mwenye moyo mzima, anayetumia dawa zake na ambaye presha yake imetulia, hupata dhamana kwa nyongeza ya wazi. Ikiandamana na presha isiyotibiwa, kisukari au kiharusi kilichopita, nyongeza huwa nzito au ombi hukataliwa. Na ikiandamana na mlango wa moyo uliosinyaa, makampuni mengi hukataa bima ya maisha ya mtu mmoja mmoja. Mwenye betri ya moyo hahukumiwi kwa betri, bali kwa ugonjwa uliomfanya aitiwe. Pana na jibu jingine ambalo watu hulichukia pasipo haki: kuahirishwa. Ukituma ombi hali umeandikiwa kipimo ambacho hujakifanya, au umeanza dawa wiki mbili zilizopita, mtathmini atakuambia urudi baada ya miezi 6 au mwaka, na kuahirishwa huko kutakaa katika kumbukumbu zako, kwa kuwa fomu ya kampuni nyingine itakuuliza kama umewahi kukataliwa au kuahirishwa na nyingine yoyote. Heri basi umalize vipimo kwanza, tiba ikushike, ndipo uombe.

Nyongeza yenyewe si jambo la kukutisha. Tuseme kwa mfano kwamba mwenzako wa umri wako asiye na maradhi anatozwa shilingi 20,000 kwa mwezi. Mwenye nyongeza ya nusu atatozwa shilingi 30,000. Zile 10,000 zinauma, sikatai, hasa kwa mtu ambaye fedha yake huja mara moja kwa mwaka kwa ufuta na mara nyingine kwa korosho. Lakini hizo ndizo zinazoununua ukweli wako, na mjane anayelipwa kwa mkataba wenye nyongeza hulipwa kiasi kilekile alicholipwa mjane wa mtu mzima wa afya. Tena nyongeza si hukumu ya milele: omba kwa maandishi kampuni ikueleze sababu, na omba ipitie upya baada ya mwaka mmoja au miwili ukiwa na karatasi mpya.

Jibu lako katika fomu liwe fupi na lenye tarehe. Linganisha majibu haya mawili. La kwanza: "Ndiyo, nina shida ya moyo kwenda mbio." La pili: "Ndiyo. Mapigo ya ziada ya moyo, yaligunduliwa Machi 2023 Hospitali ya Sokoine. ECG na eko zimefanyika. Moyo mzima, mapigo 76 kwa dakika. Situmii dawa. Sijapata kuzimia wala kuumwa kifua. Barua ya daktari imeambatishwa." Mtu ni yuleyule na moyo ni uleule, lakini wa kwanza atarudishiwa maswali kwa miezi mitatu na huenda akachoka akaacha, na wa pili amekwisha maliza. Kama unatumia dawa, andika jina lake na kipimo chake kama vilivyo kwenye paketi. Na kama unatumia warfarini, dawa ya kuzuia damu kuganda, ambatisha kitabu chako cha vipimo vya damu, kwa maana kitabu kinachoonyesha kwamba kipimo chako cha kuganda kwa damu hukaa kati ya 2 na 3, mwezi baada ya mwezi, ni shahidi mzuri kuliko sifa zote za mwenyekiti wa kijiji. Ukiulizwa tumbaku na pombe, jibu kwa idadi.

Hapa sina budi kusema jambo linaloniuma. Nimewasikia watu, tena watu wenye akili zao, wakishauriana wasiende hospitali kabla ya kukata bima ili pasiwepo karatasi ya kuwashtaki. Na nimewasikia wengine wakiacha vidonge siku tatu kabla ya kupimwa na daktari wa kampuni, wakitaraji waonekane si wagonjwa. Kuacha dawa ya kupunguza mwendo wa moyo kwa ghafla huweza kuufanya moyo ukurupuke vibaya kuliko awali, na kuacha dawa ya kuzuia damu kuganda ni kukifungulia mlango kile kiharusi nilichokwisha kukitaja. Na aliyekimbia hospitali hakuikimbia karatasi tu, ameikimbia tiba. Wala si kweli kwamba asiyepimwa huwa hana la kudhihirisha, kwa kuwa fomu nyingi huuliza dalili, si majina ya maradhi peke yake, na mtu aliyezimia shambani mara mbili amekwisha kuwa na la kusema hata kama hajamwona daktari.

Bima za aina mbalimbali haziulizi kwa namna moja. Mkopo wa mshahara, ambao walimu na wauguzi wetu huuchukua, hufungamana na bima ya maisha inayolipa deni mkopaji akifariki. Mara nyingi kuna kiwango ambacho chini yake hapahitajiwi vipimo, bali tamko fupi la afya lililozamishwa katikati ya karatasi nyingi za mkopo, na kwa kuwa watu huenda benki wakiifikiria fedha, hulitia sahihi pasipo kulisoma. Lisome. Mwulize afisa wa mkopo kiwango hicho ni kipi, na kama moyo wako unakutoa katika dhamana, uambiwe kabla hujachukua fedha, ili wanao wasirithi deni. Bima ya pamoja ya mwajiri, ikiwapo, ni fadhila kwa mtu wa hali yako, kwa kuwa wengi huingizwa bila kuulizwa afya zao. Mtumishi wa umma aliye katika Mfuko wa Taifa wa Bima ya Afya huchangia asilimia 6 ya mshahara, nusu yake ikitolewa na mwajiri, na moyo wake hauongezi wala haupunguzi kiasi hicho. CHF iliyoboreshwa, yaani mfuko wa afya ya jamii, iliyokuwa ikiitoza kaya ya watu 6 shilingi 30,000 kwa mwaka, nayo haikumwuliza mtu mapigo yake. Na Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote, iliyopitishwa na Bunge mwaka 2023, imejengwa juu ya rai hiyohiyo, kwamba mwenye afya na mgonjwa wachange katika chungu kimoja. Bima za hiari za makampuni binafsi, kinyume chake, huuliza sana, na aghalabu huweka kipindi cha kusubiri, au huyatoa katika dhamana maradhi yaliyokuwapo kabla. Kwa hiyo soma ukurasa wa yasiyohusika kabla ya kusoma ukurasa wa manufaa. Bima ya ajali ni rahisi kuipata, lakini ujue kwamba mtu aliyeanguka toka juu ya mnazi kwa sababu moyo ulimzimisha, kampuni huenda ikasema kwamba aliyemwangusha ni maradhi, si ajali.

Wako wanaouliza, na pwani yetu haina budi kuuliza, kama bima ya maisha ni halali. Hilo nawaachia masheikh. Nitasema tu kwamba bima ya takaful, iliyopangwa kwa misingi ya kusaidiana, sasa imeruhusiwa nchini, na kwamba nayo hutaka ikirari ya maradhi kama nyingine. Kudhihirisha ugonjwa hakupingani na kutawakali.

Kama ulikata bima miaka iliyopita, kabla moyo haujaanza kuyumba, basi una mali ambayo huwezi kuinunua tena kwa bei ile. Usiiache ikafa. Mkataba wa maisha uliokubaliwa wakati ulipokuwa mzima haukuongezei ada kwa ugonjwa uliokupata baadaye. Lakini ukikosa kulipa, na muda wa ziada wa kulipa, ambao mara nyingi ni siku 30, ukapita, mkataba hulala, na kuuamsha kutahitaji tamko jipya la afya, nawe utaulizwa yote niliyoyaeleza hapo juu. Mkulima asijifunge kulipa kila mwezi kwa fedha asiyokuwa nayo mwezi wa pili wala wa tatu; aombe kulipa kwa mwaka, mara ufuta unapouzwa, wakati fedha ingali mkononi. Vilevile kumbuka kwamba wajibu wa kusema haukomi siku ya kutia sahihi: likikutokea jambo jipya la moyo kati ya fomu na siku ya kampuni kukubali, uwapelekee habari kwa maandishi, na bima ya matibabu inayofanywa upya kila mwaka huuhuisha wajibu huo kila mwaka.

Na kampuni ikikukatalia dai, usikate tamaa kwa barua moja. Dada yangu alikata tamaa, na hapakuwa na mtu wa kumwambia vinginevyo. Andika kwanza kwa kampuni yenyewe, ukidai ikuonyeshe fomu ya asili na mwandiko ulioijaza, kwa maana swali la nani aliyeweka tiki na kama maswali yalisomwa ni swali la haki, na ile nia njema ya mwaka 1766 humdai pia yule aliyemtuma wakala. Kampuni isipokuridhisha, ipo TIRA, na ipo Ofisi ya Msuluhishi wa Migogoro ya Bima, iliyoundwa na sheria ili mtu wa kawaida asilazimike kuanzia mahakamani. Utaulizwa karatasi: nakala ya fomu, hati ya bima, stakabadhi za malipo, barua ya daktari, kitabu cha kliniki. Ziweke zote pamoja katika mfuko mmoja wa nailoni usiopitisha maji, uzifungie sandukuni, na usiku wa leo umwonyeshe mkeo, au mumeo, au mwanao mkubwa, ni sanduku gani na ufunguo unakaa wapi.